Kijana akitaka kurudi, nani atampokea?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ali zake na sahaba zake. Ama baad.

Nilikwenda Bagamoyo kwa mwaliko wa jamaa zetu. Baada ya sala ya Isha watu wakaanza kutawanyika, na mama mmoja akabaki kwenye baraza ya nyumba niliyofikia. Ni mzaliwa wa Unguja, na kaka yake anaishi Bagamoyo. Akasema, "Sheikh, nina suali, lakini si la kuulizwa mbele ya watu."

Mwanawe alivuka kwenda Bagamoyo kukaa na mjomba wake na kufanya biashara ya samaki. Mwaka wa kwanza alikuwa mzima. Mwaka wa pili akaacha kula chakula cha nyumbani kwa mjomba, akisema nyama yao haiaminiki. Akaacha kusali katika msikiti wa mtaa, akidai imamu wake ni mzushi. Alipompigia simu mama yake, akamwambia kuwa mtu anayesoma maulidi hana Uislamu, yeye mama akiwemo. Kisha akaondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu hakusikika. Sasa amepiga simu. Anataka kurudi nyumbani. Anaapa kuwa hakushika silaha wala hakumdhuru mtu, ila aliyoyaona huko alikopelekwa yamemtoa imani na wale waliomchukua. Baba yake amesema, "Kwangu mimi huyo keshakufa." Mjomba naye anaogopa kukamatwa.

Suali la mama lilikuwa hili: "Nimpokee, au nisimpokee? Na nikimpokea, nitakuwa mwenzao?"

Nimebadilisha baadhi ya mambo ili familia hii isijulikane. Usiku ule nilimjibu kwa ufupi. Leo nalijibu suali lake kwa urefu, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye suali hili katika visiwa vyetu na pwani yetu.

Jambo hili limo nyumbani mwetu

Tumezoea kusema kuwa ugaidi ni mambo ya Somalia na ya Waarabu. Maneno haya yanatupumzisha, lakini si ya kweli.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yaliripuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mmarekani. Walikuwa ni walinzi, wafanyakazi na wapita njia, Waafrika wenzetu. Miongoni mwa waliohukumiwa kifungo cha maisha kwa shambulio lile ni Wazanzibari wawili: Khalfan Khamis Mohamed mwaka 2001, na Ahmed Khalfan Ghailani mwaka 2011. Hawa hawakuzaliwa Kabul. Walizaliwa kwetu, na waliwahi kuwa watoto wa watu katika mitaa yetu.

Baadaye jambo likaja karibu zaidi. Februari 2015 vyombo vya usalama vilipambana na watu wenye silaha katika eneo la mapango ya Amboni, Tanga. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na askari waliuawa mmoja baada ya mmoja, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mara moja huko Kibiti. Tukumbuke kuwa Kibiti na Bagamoyo zimo katika mkoa mmoja wa Pwani, moja iko kusini ya Dar es Salaam na nyengine kaskazini. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, kundi lenye silaha lilivamia mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Mamia ya maelfu ya watu wakakimbia makwao. Oktoba 2020 moto ule ukavuka Mto Ruvuma, na kijiji cha Kitaya, Mtwara, kikashambuliwa.

Katika vita vile Kiswahili ni moja ya lugha za wapiganaji. Wanaoitwa kwenda huko wanaitwa kwa lugha hii hii tunayowaimbia watoto wetu walale. Kwa hiyo mzazi wa Nungwi, wa Wete au wa Saadani asiseme hayamuhusu.

Mlango walioingilia

Kabla ya kuuliza kijana atatoka vipi, tujue aliingia vipi. Wengi hudhani kuwa kijana huingia kwa wingi wa dini. Mimi nimesomesha chuoni na katika chuo kikuu kwa miaka mingi, na niliyoyaona ni kinyume chake. Anayeingia mara nyingi ni yule mwenye hamu kubwa ya dini na elimu ndogo. Amehifadhi aya mbili tatu za vita na hajui zilishuka lini, juu ya nani, na wanazuoni wamezifasiri vipi. Hajasoma Safinatun Najah akaimaliza, lakini anatoa hukumu za damu.

Tena haanzi na damu. Anaanza na sahani. Anakataa chakula cha mama yake. Kisha anakataa kusali nyuma ya imamu wa mtaa. Kisha anamtoa mjomba wake katika Uislamu. Kila hatua inamkata kamba moja iliyomfunga na watu wake, mpaka anabaki na kundi dogo tu, ambalo sasa ndilo baba, ndilo mama, ndilo mwalimu. Kukufurisha ndio mlango wenyewe. Mtu akishamwita baba yake kafiri, hatua za mbele ni nyepesi.

Siku hizi simu imefanya kazi hii iwe rahisi, ingawa ujumbe usio na mwenyewe si jambo geni kwetu. Mwaka 1908, zama za Wajarumani, ilitembea pwani ya Tanganyika barua iliyodaiwa imetoka Makka, ikitangaza kuwa Kiyama kimekaribia. Iliwatia watu kishindo, khasa Lindi, na wakoloni wakaingiwa na khofu ya uasi. Watu walinakili na kupelekeana bila kuuliza nani kaandika. Wazee wetu wa elimu hawakuipokea hadithi mpaka waulize isnadi, nani kaipokea kwa nani. Kijana wetu leo anapokea fatwa ya kuua kutoka kwa sauti asiyoijua jina wala uso, na haulizi.

Lakini tusimbebeshe kijana peke yake. Wapo waliosukumwa na dhulma ya kweli. Asiye na kazi, aliyepigwa na askari bila kosa, aliyeona jamaa yake kawekwa ndani miaka bila kuhukumiwa, huyo akiambiwa "serikali hii inaupiga vita Uislamu" hahitaji ushahidi mwingi. Sisi Wazanzibari tunaijua kesi ya masheikh wa Uamsho. Walikaa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi kwa zaidi ya miaka sita, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi Juni 2021. Tulikhitilafiana juu ya siasa zao, na khitilafu hiyo ingalipo. Lakini kila mwaka ambao kesi ile haikusikilizwa ulikuwa ni hoja mkononi mwa anayetafuta vijana wetu. Dhulma haihalalishi kumwaga damu ya asiye na hatia, wala ubaya wa yule anayeua hauihalalishi dhulma. Haya mawili lazima tuyaseme pamoja.

Ibn Abbas aliwaendea

Kazi ya kuwarudisha waliopotea kwa ghuluu si mradi uliobuniwa na wafadhili wa Ulaya. Ni kazi ya sahaba.

Baada ya vita vya Siffin, kundi kubwa lilijitenga na Sayyidna Ali (R.A.) likapiga kambi Harura, karibu na Kufa. Abdullah bin Abbas (R.A.) akamuomba Ali aakhirishe kidogo sala ya Adhuhuri ili apate kwenda kuzungumza nao. Ali akamuogopea. Ibn Abbas akavaa nguo zake nzuri za Yemen akawaendea peke yake. Alikuta watu ambao vipaji vyao vimechubuka kwa wingi wa kusujudu. Aliwasikiliza kwanza. Akawauliza: mna lipi dhidi ya Ali? Wakataja mambo matatu: kwamba amewafanya watu kuwa mahakimu ilhali hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, kwamba amepigana vita vya Jamal bila kuchukua mateka wala ngawira, na kwamba amekubali kuufuta wadhifa wa Amirul Muuminin katika mkataba.

Hakuwatukana. Aliwajibu kwa kitabu walichokiamini. Katika la kwanza akawaonyesha Suratul Maida aya ya 95, ambapo watu wawili waadilifu wanahukumu juu ya mnyama aliyewindwa katika ihramu, na Suratun Nisaa aya ya 35, juu ya wasuluhishi wa mume na mke. Ikiwa watu wanahukumu juu ya sungura na juu ya ugomvi wa nyumbani, vipi wasihukumu ili kuzuia damu za Waislamu? Katika la pili akawauliza kama wangeweza kumteka Bibi Aisha, naye ni mama wa Waumini. Katika la tatu akawakumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikubali kufutwa maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu" katika mkataba wa Hudaybiya, na wala hakuacha kuwa Mtume. Kwa kila moja aliwauliza: je, nimelijibu hili? Wakasema ndiyo. Katika riwaya moja watu elfu mbili walirudi naye.

Hawakurudi wote. Waliobaki ndio wale waliomuua Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, pamoja na mke wake aliyekuwa na mimba. Vitabu vya tarekh vinaeleza kuwa katika safari ile mmoja wao alitia mdomoni tende iliyoanguka chini ya mtende, wenzake wakamkemea kwa kula mali ya mtu, akaitema. Wanaogopa tende ya haramu, hawaogopi damu ya mwanamke mwenye mimba. Hii ndiyo sura ya ghuluu mpaka leo.

Nieleze jambo moja hapa kwa heshima ya majirani zetu. Ndugu zetu Ibadhi, walioishi na kutawala visiwa hivi pamoja na makadhi wa Kishafi, wanajibari na makundi yaliyohalalisha damu za Waislamu, na tarekh ya Zanzibar inashuhudia hivyo. Mtu asitumie kisa hiki kumpiga vijembe jirani yake.

Tunajifunza nini? Ibn Abbas aliwaendea, hakungoja waje. Alisikiliza kabla ya kujibu. Alijibu kwa elimu. Na alikubali kuwa kazi yake ni kumrudisha anayerudishika, na kwamba asiyerudi na akashika silaha kuua watu, huyo anazuiwa na mamlaka.

Toba inataka mji

Hadithi iliyomo katika Sahih Bukhari na Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.), inatueleza habari za mtu aliyeua watu 99. Akataka kutubu. Akaelekezwa kwa mtu wa ibada, akamuuliza kama ana toba. Yule mchamungu asiye na elimu akamwambia hana. Akamuua yeye pia, wakatimia mia. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni. Huyu akamwambia kuwa hakuna awezaye kusimama baina yake na toba. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia aende ardhi fulani, kuna watu wanaomuabudu Mwenyezi Mungu, aabudu pamoja nao, na asirudi katika ardhi yake kwani ni ardhi ya uovu. Akafa njiani, na Malaika wa rehma wakamchukua kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na mji aliokuwa akiuendea.

Tunaisoma hadithi hii kila Ramadhani kuonyesha upana wa rehma za Allah, na ni kweli. Lakini tazama fatwa ya yule mwanachuoni. Hakumpa neno tu, alimpa mji. Alijua kuwa mtu hatoki katika ubaya kwa kwenda mahali patupu. Na alijua kuwa upo mji ambao watu wake watamfungulia.

Je, sisi tunao mji huo? Kijana akikata leo na kundi lake, akiwaacha wale waliokuwa ndio baba na mama zake, nani anamngoja upande wa pili? Baba anasema keshakufa. Jirani anamnyooshea kidole. Imamu anaogopa kuonekana naye. Polisi anamngoja na pingu. Kundi lake la zamani linataka kumuua kwa kulisaliti. Ikiwa hali ni hii, basi khutba zetu za "acheni misimamo mikali" ni sawa na kumwambia mtu aruke kutoka chomboni, na hakuna aliyemteremshia hata kidau.

Bagamoyo iliwahi kuwa mji wa namna hiyo

Niliitafakari hadithi hii nikiwa Bagamoyo, na si bure. Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara. Hapo walifika maelfu ya watumwa na wapagazi, wakingoja kuvushwa kuja kwetu Unguja. Sisi wa visiwani tuna deni la aibu katika tarekh ile, tusijifiche.

Lakini katika mji huo huo aliletwa mtoto mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akaingia katika nyumba ya ukoo wa Lamki. Akasilimu, akasoma, akafanya biashara, akawa na darsa lake. Huyu ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alikuja kuwa khalifa wa Qadiriyya, na Bagamoyo ikawa kitovu cha tarika hiyo pwani nzima. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akaiendeleza kazi. Kwa upande mwengine wa mji, tangu mwaka 1868, wapo mapadri wa Kikatoliki waliokaa na watumwa waliokombolewa. Waislamu na Wakristo wameishi hapo kwa zaidi ya miaka 150.

Msomaji asiyeafikiana na tarika asinikasirikie, sisemi hapa juu ya zikri. Nasema juu ya mji uliompokea aliyeletwa kwa minyororo, ukamkalisha chini kusoma, mpaka wana wa waungwana wakakaa mbele yake kuchukua elimu. Jina alilokuja nalo halikuwa ndilo jina alilokufa nalo. Ikiwa wazee wetu, pamoja na makosa yao yote, waliweza hilo, sisi tunashindwaje na mtoto wetu wa kumzaa?

Wenzetu walivyojaribu

Tuangalie wengine walifanya nini, ili tuchukue zuri na tuache baya.

Mauritania, mwaka 2010, serikali iliwaruhusu wanazuoni wakiongozwa na Sheikh Muhammad Al-Hasan Ould Dedew kuingia gerezani Nouakchott kujadiliana na wafungwa wa makundi ya silaha, hoja kwa hoja. Wengi wao walirejea na baadhi wakasamehewa. Misri kabla yao, viongozi wa Al-Jamaa Al-Islamiyya walitangaza kuacha silaha mwaka 1997, kisha wakaandika vitabu vya kuyasahihisha mawazo yao. Hao waliandika wenyewe, kwa hoja za fiqhi, na maneno yao yaliwafikia vijana ambao khutba ya serikali isingewafikia.

Somalia, Mukhtar Robow alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa Al-Shabaab. Alijitoa hadharani mwaka 2017, akawekwa kizuizini mwaka 2018, na mwaka 2022 akateuliwa waziri wa mambo ya dini. Wapo waliofurahi na wapo waliolia kwa ajili ya wafu wao. Kisa chake kinafundisha pande mbili: mlango ukiwepo hata mkubwa wao hutoka, lakini pia waliodhulumiwa wasisahauliwe katika furaha ya kumpokea aliyetubu.

Karibu zaidi ni Kenya. Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwezi ule ule Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Nkaissery, akatangaza msamaha wa siku kumi kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Lakini siku kumi ni chache, na kijana aliyerudi Kwale au Mombasa alijikuta baina ya moto miwili: wenzake wa zamani wanaomwita msaliti, na vyombo vya dola ambavyo watu walivishutumu kwa kuwateka na kuwaua washukiwa. Wapo waliouawa baada ya kurudi. Wengine wakajificha kabisa. Na wanazuoni nao hawakusalimika. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, aliyekuwa akipinga mafunzo ya chuki, alipigwa risasi akafa Mombasa tarehe 10 Juni 2014. Rehma za Allah zimshukie.

Baadaye Kenya ilitoa mkakati wa taifa mwaka 2016, na kaunti za pwani zikaandika mipango yao. Somo la Kenya kwetu ni kuwa msamaha wa redioni bila ya mtu wa kuaminika kumpokea aliyerudi ni mtego, hata kama haukukusudiwa.

Jawabu la suali

Sasa, mama yangu, nakujibu.

Kwanza, mpokee. Kumpokea mwanao anayetaka kuiacha dhulma si kuwa mwenzake katika dhulma. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akidhulumu na akidhulumiwa, na kumnusuru dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Ukimfungia mlango, waliomchukua mara ya kwanza watamfungulia mara ya pili.

Pili, toba ina haki mbili ndani yake, ya Mwenyezi Mungu na ya viumbe. Katika Suratul Maida, baada ya aya ya 33 kutaja adhabu kali za wanaofanya ufisadi kwa silaha, aya ya 34 inawavua wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Wanazuoni wetu wa Kishafi wamefahamu kuwa zinamuondokea adhabu zile ambazo ni haki ya Allah, ama damu ya mtu au mali ya mtu haiondoki. Mali itarudishwa. Damu ni haki ya warithi, wakitaka watadai na wakitaka watasamehe. Kwa hiyo ikiwa kweli hakumdhuru mtu, mzigo wake ni mwepesi. Na ikiwa amedhuru, usimsaidie kuficha damu ya mtoto wa mama mwengine. Machozi yake ni kama yako.

Tatu, usimfiche. Najua neno hili linakutisha, nami sikulaumu kwa khofu yako. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ni nzito, na anayemficha mtu chumbani humtia yeye, na hujitia mwenyewe, katika khatari kubwa zaidi. Asirudi peke yake usiku. Tafuteni wakili kwanza. Kisha aende kujieleza akiwa na wakili, imamu anayeheshimika, mzee wa ukoo na kiongozi wa mtaa, au sheha kama ni kwetu visiwani. Mtu aliyeonwa na watu wanne akiingia kituoni mchana haipotei khabari yake kwa urahisi. Na akijua kuwa lipo kundi linalopanga kuua watu, kulisema ni wajibu. Kunyamaza ni kushiriki.

Nne, usimuachie simu imsomeshe tena. Akae na mwalimu mmoja mwenye subira, aanze upya na vitabu vidogo, atoe shubha zake zote bila kuogopa kupigwa kofi. Shubha isiyotolewa nje huota mizizi. Na asipandishwe juu ya mimbari haraka ili "atoe ushuhuda". Tumeona watu wakimfanya aliyetubu kuwa maonyesho. Aachwe apone.

Tano, apate kazi na apate wajibu. Kijana aliyeambiwa kuwa ni mwanajeshi wa Allah, akirudi akawa mtu wa kukaa barazani tu, ataona amepungukiwa. Mpeni chombo, mpeni genge, mpeni mzee wa kumhudumia. Wala msikimbilie kumuoza mkidhani ndoa ni dawa. Binti wa watu si dawa ya mtu.

Na baba yake nina neno naye. Ewe mzee mwenzangu, hasira yako naifahamu. Alimtukana mama yake na akakutoa katika dini yako. Lakini Yaakub (A.S.) alifanyiwa na wanawe jambo kubwa, wakamletea kanzu yenye damu ya uwongo, na walipokuja kumuomba awaombee msamaha, aliwaahidi kuwa atawaombea kwa Mola wake. Hakusema, "Kwangu mmeshakufa."

Kwa wengine wetu

Kwa maimamu: tuacheni kulizungumza jambo hili kwa khutba za mwaka mara moja tu baada ya bomu. Ukiona kijana ameacha saffu yako, mwendee kwake. Ibn Abbas alikuwa na elimu kuliko sote na hakuona uzito kwenda.

Kwa walimu wa vyuo: mtoto akiuliza suali gumu juu ya jihadi, asinyamazishwe. Kama hakulipata jawabu kwako atalipata kwa mwengine, nawe hutomjua huyo mwengine.

Kwa majirani: kuna tofauti baina ya tahadhari na fitna. Kijana mwenye ndevu na kanzu fupi si gaidi kwa ndevu na kanzu. Mkimsukumia huko kwa maneno yenu, mtakuwa na sehemu ya dhambi.

Kwa wenye mamlaka, na nasaha ni haki yao kwetu: wekeni njia iliyo wazi, inayojulikana, ya mtu kujitoa na kujisalimisha, ambayo Ofisi ya Mufti, BAKWATA na mawakili watakuwa mashahidi wake. Mshukiwa apelekwe mahakamani kwa wakati, na aliyefungwa apate mwanachuoni wa kujadiliana naye. Mama akiamini kuwa kulisema jina la mwanae ni kumuokoa, atalisema. Akiamini kuwa ni kumzika, atamficha mpaka siku atakaposikia jina hilo katika khabari za mauaji.

Mama yule aliniuliza suali lake kwenye baraza, sauti ya chini, akiangalia njia isije ikapita mtu akamsikia. Ningependa tufike siku ambayo mama kama yeye anaweza kuingia ofisi ya sheha au chumba cha imamu mchana akaliuliza kwa sauti yake ya kawaida.

Ewe Mola wetu, warudishe vijana wetu walioghurika, waponye waliodhulumiwa, warehemu waliouawa bila haki, wape subira warithi wao, na ujaalie miji yetu kuwa miji ya amani inayompokea anayerudi kwako. Amin.

Wallahu a'lam.